Kichwa cha Kijiti

Kwa muda wote waliofanya kazi pamoja, Bi Mkasi hakuwahi kumuuliza mke wa mwanawe kwa nini anakata vijiti kinyume. Hakuuliza kwa sababu ya heshima. Mke wa mwana naye hakuwahi kumuuliza mama mkwe wake kwa nini anakata kinyume, na yeye pia kwa sababu ya heshima. Basi heshima ikarundikana katika kitalu kile mpaka ikakosa pa kukaa, na siku ilipoporomoka nusura imwangukie mtu.

Bi Mkasi si jina alilopewa na wazazi. Ni jina la mtaani, na alilipata kihalali. Kitalu chake cha miche kilikuwa nyuma ya nyumba yake, na lango lake dogo lilitokea barabarani, kati ya duka la vifaa vya ujenzi na duka la mikate. Mfukoni mwa aproni yake hamkukosekana mkasi wa kupogolea, mipini yake imechakaa rangi, makali yake yanang'aa. Mkasi huo hakumwazima mtu. Kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe alionekana pembeni ya ukumbi akipunguza matawi ya mmea wa watu uliokuwa kwenye chungu, eti umenuna.

Mwanawe huyo alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa amemwoa binti aliyekulia katika kitalu kingine, ng'ambo ya mji, na Bi Mkasi alifurahi kupindukia, maana wasichana wengi aliokuwa akiletewa kuangalia walikuwa wakishika udongo kwa ncha za vidole kama wanashika chura. Huyu alizamisha mikono mpaka viwiko. Bi Mkasi akawa anamwita Mkwe. Mkwe lete maji, Mkwe shika hapa, Mkwe umeamkaje. Wateja waliposikia hivyo kila siku, nao wakamwita Mkwe, mpaka muuza gazeti, ambaye hakuwa na ukwe wowote naye.

Sasa, hiyo habari ya kukata. Ukilikata tawi vipande vipande ili uvipande, kijiti kikishapoteza majani kinabaki kijiti tu, huku mti na huku mti. Lakini kina kichwa na kina miguu, na ukikikosea hakina mzaha. Kwa hiyo kila kitalu kina alama yake. Kwa Bi Mkasi, kichwa hukatwa mshazari ili maji ya mvua yateleze yasikiozeshe, na miguu hukatwa sawa. Kwao Mkwe, miguu ndiyo hukatwa mshazari ili kijiti kizame udongoni bila kusukumwa, na kichwa hukatwa sawa. Njia zote mbili ni nzuri. Ubaya ulikuwa kwamba zilikuwa zikiishi nyumba moja bila kusalimiana.

Madhara hayakutokea, kwa sababu kila mmoja alikata vyake na akapanda vyake. Bi Mkasi alikuwa akitupa jicho la pembeni na kujisemea moyoni, "Mh, ndivyo walivyomfunza kwao, tumwache." Mkwe naye alikuwa akitupa la kwake na kujisemea hivyohivyo. Wote wawili wakijiona waungwana.

Katikati ya kitalu ulikuwapo mzabibu mzee ulioitwa Mkongwe. Zabibu zake zilikuwa nyeusi, ganda jembamba, na utamu wa kunatisha midomo. Watu walivuka mji kuja kuutafuta mche wake. Na mche wake haukutokana na mbegu hata siku moja. Mbegu ya zabibu huzaa mtoto, na mtoto huja na akili zake. Bi Mkasi aliwahi kuzipanda ujanani, akangoja kwa subira yote aliyokuwa nayo, akaambulia zabibu chachu za kumkunja mtu uso. Lakini kijiti si mtoto. Kijiti ni mti uleule umehamia nyumba nyingine. Jambo hilo lilimfurahisha Bi Mkasi kuliko mengi aliyoyajua duniani. Alipenda mimea isiyosubiri kuchavushwa wala kubembelezwa: nanaa iliyotambaa chini ya bomba ikitoa mizizi kila kifundo kilipogusa udongo, stroberi zilizorusha kamba na mwisho wa kila kamba zikaacha mche, mgomba uliozungukwa na machipukizi yake, na ule mmea wa majani manene ambao jani lake likianguka tu, kingo zake huota vichipukizi vidogo vyenye mizizi yake tayari. "Hawa," alikuwa akisema, "hawana habari ya kufa."

Mkongwe, hata hivyo, alianza kufa. Bomba la jirani lilipasuka chini kwa chini, maji yakatuama shinani bila mtu kujua, na walipojua shina lilikwisha kuoza. Matawi yalikauka moja baada ya jingine, likabaki moja tu refu lililokuwa limepanda juu ya paa la stoo. Na kama vile hayo hayatoshi, goti la kulia la Bi Mkasi likavimba likajaa maji, na daktari akampiga marufuku kuchuchumaa.

Fundi akaona wakati umefika wa kusema alilokuwa nalo. Alikuja barazani jioni, akavuta kiti karibu na mama yake. Mkwe alikuwa anamimina chai.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha," alisema. "Mti ndiyo huo, goti ndiyo hilo. Pumzika. Hapa nyuma tusafishe, tuweke maegesho ya magari. Wewe utakaa tu barazani ule upepo."

"Mti haujafa. Tawi lile pale juu hulioni?"

"Tawi moja, Mama."

"Na wewe ulikuwa mmoja. Mbona nilikulea ukawa na kitambi?"

Fundi alicheka, lakini hakuinuka. Bi Mkasi alimjua mwanawe: asiyeinuka baada ya kucheka ana neno jingine. Hakutaka kulisikia, na ulimi wake ukatangulia akili.

"Sikia," alisema. "Lile tawi nitalikata vijiti kwa mkono wangu huu. Vikiota, usinitajie tena magari. Vikikataa, mkasi huu nakukabidhi, na kitalu nakukabidhi, na kwenye kiti hiki nitakaa."

"Mama, si lazima tuwekeane..."

"Nimekwisha sema."

Mkwe alimwaga chai kidogo kwenye sahani. Akaifuta, akaendelea kumimina. Hayo yalikuwa mazungumzo ya mama na mwanawe.

Asubuhi Fundi alipanda juu ya paa akalishusha tawi, na wanawake wawili wakaligawana. Sehemu nene, iliyokomaa vizuri, aliichukua Bi Mkasi. Sehemu ya kuelekea nchani akampa Mkwe. Wakakaa juu ya kreti za mbao, kila mmoja na mkasi wake, wakakata. Bi Mkasi alikata kwa mapozi ya mtu aliyezaliwa anakata. Juu mshazari, chini sawa. Juu mshazari, chini sawa. Kila kijiti akakiachia macho yake mazuri, yale machipukizi madogo yaliyofumba kwenye vifundo. Akavifunga tita kwa uzi, akasimama, goti likampiga kelele, akakaa tena.

"Usichuchumae, Mama. Nitakupandia mimi," alisema Mkwe.

Hilo halikuwahi kutokea kabla. Mmoja kukata na mwingine kupanda, hata siku moja. Bi Mkasi alisita, akakubali shingo upande, akaenda kukaa barazani. Kutoka pale alimwona Mkwe akipiga magoti kwenye matuta mawili ya mchanga, la ukutani likiwa la mama na la karibu na tangi likiwa lake, akichomeka vijiti kwa mstari ulionyooka, akimwagilia, akifunika kila tuta kwa nailoni ili unyevu usitoke. Alipanda vizuri sana. Bi Mkasi hata alijisikia fahari.

Tuta la Mkwe ndilo lililochipua kwanza. Jicho moja lilipasuka likatoa kijani, kisha la pili, kisha yakawa hayahesabiki. Tuta la ukutani likabaki kipara.

"Vyangu vinene," alisema Bi Mkasi kutoka kitini. "Vinene huchelewa."

"Ndiyo, Mama," alisema Mkwe.

Siku zikaenda. Vijiti vya Mkwe vikafungua majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Tuta la ukutani, kipara. Kila asubuhi Bi Mkasi aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, na kila asubuhi Mkwe alisema bado, Mama, lakini vitaota tu, Mama, kwa upole ambao ulianza kumkera Bi Mkasi kuliko tusi.

Halafu akaja jirani, mwenye duka la mikate. Alikuwa ameahidiwa mche wa Mkongwe autambaze mbele ya duka lake, wateja wapate kivuli. Alitazama matuta yote mawili, akatikisa kichwa, akaja barazani na kukishika kiganja cha Bi Mkasi.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Mkono nao huchoka. Mama yangu alifika mahali akikanda unga, unga hauumuki. Ule ule unga, hamira ile ile. Mkono ulikuwa umekwisha kazi."

Angesema kwa ubaya, Bi Mkasi angemjibu na wangesikia mpaka dukani. Alisema kwa huruma, na huruma haijibiki. Kisha akamgeukia Mkwe na kumwomba mche.

Bi Mkasi alibaki akiuangalia mkono wake. Ulikuwa mkono uleule, na sugu zake, na kovu la kidole gumba. Kwa mara ya kwanza maishani aliuona mkono wa mtu mzee. Aliumia, tena aliumia sana, na aliona aibu kuumia mbele ya mtu aliyekuwa akimletea chai. Usiku alikula nusu sahani. Fundi alimwona akiacha chakula, akaenda akarudi na msumari mpya mzuri wa shaba, akauweka mezani.

"Mkasi wako hatuufichi kabatini, Mama," alisema taratibu. "Mwisho wa mwezi nitautundika hapa sebuleni, ukutani, kila mgeni auone."

Alikuwa na nia njema, maskini. Bi Mkasi alihisi kama anapimwa sanda.

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Mkwe. Alfajiri moja, watu bado wamelala, aliingia kitaluni, akang'oa vijiti vichache vilivyochipua kutoka tuta lake pamoja na donge la mchanga, akavihamishia tuta la mama. Vikavu alivyoving'oa akavificha nyuma ya tangi. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Bi Mkasi alipotoka barazani na kikombe chake, aliona kijani ukutani.

Kikombe kikabaki sakafuni, fimbo ya kutembelea ikabaki mlangoni, na goti likasahaulika. Alivuka uwanja akichechemea na kucheka peke yake, akafika, akafunua nailoni, akajishusha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kweli! Majani mabichi, yenye nywele laini, kwenye tuta lake! "Nilisema," aliviambia. "Sikusema? Vinene huchelewa."

Akakigusa kimoja. Mchanga ulioizunguka miguu yake ulikuwa mbichi, na alama za vidole bado zimo. Kijiti chenyewe kilikuwa chembamba. Akainamisha uso, akatazama kichwani. Kimekatwa sawa.

Furaha ikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hiki si changu, alijua papo hapo. Mimi sijawahi kukata kichwa sawa tangu nishike mkasi. Akaelewa yote: wema wa yule binti, mikono yake ya alfajiri, na huruma, tena huruma. Akapandwa na hasira na kilio kwa pamoja, na hasira ikashinda. Atamwita. Atamwonyesha kwa kidole tofauti ya kichwa sawa na kichwa cha mshazari, aone kwamba mama mkwe wake amezeeka lakini hajapofuka. Akanyoosha mkono kwenye kikavu cha jirani ili akitumie kama mfano.

Nacho kilikuwa sawa kichwani.

Bi Mkasi akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Cha pili, sawa. Cha tatu, sawa. Mstari wote mpaka ukutani, vichwa sawa, hakuna hata mshazari mmoja wa kusingizia. Vilikuwa vinene, vilikuwa vyake, alivitambua kama mtu anavyotambua meno yake. Mshazari wangu uko wapi?

Akashika kimoja karibu zaidi na macho. Pale juu palipokatwa sawa palikuwa na uvimbe mweupe, laini, na kwenye ule uvimbe, kwa unyevu wa nailoni, palikuwa pametokeza vinundu vidogo vyeupe kama punje za chumvi. Mizizi. Mizizi ilikuwa inataka kuota hewani. Akakizungusha kijiti taratibu, akakivuta, na kikatoka mchangani. Chini kabisa ulikuwapo mshazari wake. Na jicho lililokuwa kando ya mshazari lilikuwa limefumbuka gizani, limetoa chipukizi refu, jeupe pe, lililokuwa limejikunja na kuanza kupanda juu kutafuta mwanga.

Kilikuwa hai. Kilikuwa kimepandwa kichwa chini miguu juu, na kilikuwa hai, na hakikusahau kichwa chake kiko wapi.

"Viko hai!" Bi Mkasi alipiga ukelele uliomfanya mwenye duka la mikate aangushe trei. "Mkweee! Njoo! Viko hai!"

Mkwe alikuja mbio na mswaki mdomoni. Alipomwona mama mkwe wake amekaa katikati ya tuta, nailoni imefunuliwa, alijua amekamatwa.

"Nisamehe, Mama," alisema, povu likimtoka. "Nilivihamisha mimi, sikutaka kukudanganya, nilikuonea..."

"Nyamaza kwanza. Kijiti hiki miguu yake iko wapi?"

Mkwe alitoa mswaki. "Si hapa, Mama? Kwenye mshazari."

"Kwenye mshazari! Nani kakwambia?"

"Kwetu, mshazari unaingia chini. Ili kizame."

"Na kwangu mshazari unakaa juu! Ili maji yateleze!"

Walitazamana. Mkwe aliangalia kijiti, akaangalia tuta, akaweka mkono mdomoni.

"Mungu wangu," alisema. "Vyote."

"Vyote. Umenipandia tuta zima miguu juu. Lakini macho hukuyaona? Macho ya kijiti yanaangalia juu sikuzote, hukuona yanaangalia chini?"

"Niliyaona, Mama."

"Uliyaona!"

"Niliyaona. Nikashangaa. Nikasema labda ndiyo siri yako, ndiyo maana watu wanakusifu mkono. Nikaona si adabu kukuuliza."

Bi Mkasi alifungua mdomo ili amkaripie, na badala ya karipio kikatoka kicheko. Alicheka akashika ubavu. Alicheka mpaka ndoo ikayumba. Mkwe naye, aliyekuwa tayari kulia, akaanza kucheka, na wawili hao wakacheka pale mchangani bila kujizuia, wakipigana vibao vya mabega, mpaka Fundi akachungulia dirishani akadhani kuna msiba.

"Mkono wangu haukufa," alisema Bi Mkasi akijifuta macho. "Haukufa, mama. Haukufa."

Kazi ya kuvigeuza ilichukua asubuhi nzima. Bi Mkasi alikaa juu ya ndoo yake kama malkia, Mkwe akipiga magoti, wakang'oa kijiti kimoja kimoja na kukipindua, wakivirudisha hata vile vilivyofichwa nyuma ya tangi. Machipukizi meupe mengine yalivunjika. Haidhuru, kila kijiti kilikuwa na jicho la akiba. Vile vinundu vyeupe wakavizamisha mchangani kwa uangalifu, mahali vilipokuwa vinapataka tangu mwanzo. Wakamwagilia, wakafunika.

Ungedhani funzo limeingia. Kesho yake walikaa kukata vijiti vya uzio kwa ajili ya mteja, wakabadilishana matita ili wasaidiane kupanda, na Bi Mkasi alipoinua cha kwanza akaduwaa. Kichwa mshazari. Mkwe, kwa kumheshimu mama, alikuwa amekata kama mama. Na yeye mwenyewe, kwa kumheshimu Mkwe, alikuwa amekata kama kwao Mkwe. Walikuwa wamekutana njiani na kupishana.

"Basi!" alisema Bi Mkasi akitupa kijiti. "Tukiendelea kuheshimiana hivi tutamaliza miti yote. Sema unavyoona wewe, tena usinionee haya. Mshazari ukae wapi?"

Mkwe alikiokota kile kijiti. "Nikisema kweli, Mama, wako ni bora. Wakati wa mvua vichwa vyangu huoza."

"Enhe!" Bi Mkasi alivimba kidogo.

"Lakini unapanda karibu karibu mno. Na migomba unaimwagilia kupita kiasi. Na ile mbolea unayoweka kwenye..."

"Nimekwambia useme moja," alisema Bi Mkasi. Lakini kuanzia siku hiyo alipanda kwa nafasi, na migomba ikapumua.

Mwisho wa mwezi Fundi alitoka karakana mapema. Alikuwa na nyundo mkononi na uso wa mtu anayekwenda kumchoma mtoto sindano. Hakuwa amejua lolote. Wanawake wale walikuwa wamekula njama ya kunyamaza, na safari hii walikubaliana kunyamaza. Mama yake alikuwa juu ya ndoo, kando ya tuta la ukutani.

"Mama," alianza, "kama tulivyosema..."

"Funua nailoni mwenyewe."

Fundi aliinama akafunua. Tuta zima lilikuwa kijani. Kila kijiti kinene kilikuwa kimechipua, kingine mara mbili, majani yamebanana yakigombea mwanga, na vitambazi vya kwanza vimeanza kunyoosha vidole vikitafuta pa kushika. Vichwa vyote vilikuwa mshazari. Fundi alisimama akashika nyundo kifuani, na Mkwe akamweleza yote, hata ile sehemu ya alfajiri.

"Umesikia?" alisema Bi Mkasi. Aliinuka kwenye ndoo, goti likalia, hakulijali. "Vilisimamishwa kichwa chini gizani, na bado vikaota. Halafu wewe unaniambia mimi nipumzike?"

"Sikuambii tena, Mama," alisema Fundi. Alikuwa anacheka, na macho yamemlowa. "Magari yatafute pengine."

"Huo msumari unao?"

Alikuwa nao. Bi Mkasi alimwongoza hadi mlango wa stoo, akamwonyesha mahali pa kuupigilia, si juu sana wala si chini sana. Akautoa mkasi kwenye aproni, akautundika hapo. Kila mmoja katika nyumba ile alijua kwamba mkasi huo haujawahi kulala nje ya mfuko wake, na hakuna aliyethubutu kuuliza una kazi gani pale.

Mwenye duka la mikate alikuja kuchukua mche wake. Alikuwa amesikia kelele, amesikia na kisa, na alikuwa na mkate wa moto chini ya kwapa wa kuombea radhi. Bi Mkasi aliupokea mkate na radhi pamoja, akampa mche mnene kuliko yote, kutoka tuta la ukutani. Yule jirani akautazama, akapata tamaa.

"Na kijiti je? Nijaribu mwenyewe kule nyuma ya tanuri. Ila mnieleze kinaingia upande gani, nisije nikafanya mambo yenu."

Bi Mkasi alivuta pumzi ajibu, lakini Mkwe, aliyekuwa anamwagilia stroberi, alijibu bila hata kugeuka.

"Kwetu mshazari unakaa juu."

"Kwenu wapi?" aliuliza jirani. "Kule ng'ambo ya mji?"

"Hapa," alisema Mkwe, akaendelea kumwagilia.

Bi Mkasi aliuweka mkate juu ya kreti. Alikwenda mlangoni pa stoo, akautoa mkasi msumarini, akapita katikati ya miche mpaka kwenye stroberi, akamshika Mkwe mkono uliolowa maji, na kumwekea mkasi kiganjani.

"Mkatie jirani yetu kijiti," alisema. "Na ukate kama kwetu."